Mwaka Mvua Ilipokawia Masisi

Tulimzika Feza mwaka jana huko Walikale, na mvua ikatunyeshea tangu kanisani mpaka kaburini. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai tukila wali na sombe ya majani ya muhogo, watu wa milimani upande huu, watu wa msituni upande ule. Mjukuu wake mmoja, msichana mwenye sauti ileile ya Feza, alinisogelea na sahani yake. Akaniita tate, kama watoto wa kwetu wanavyowaita wazee wao, akaniuliza: "Tate Veronika, ni kweli yeye alizaliwa Masisi, kule kwenu? Alifikaga huku namna gani?" Nilimtazama nikaona haulizi kwa utani. Hakuna aliyewahi kumwambia. Feza, aliyeweza kuchekesha soko zima kwa kusimulia tu jinsi mbuzi wake alivyokula kofia ya katekista, hakuwasimulia watoto wake jambo hilo hata mara moja. Na alipopanda kwetu kwa arusi au kwa kilio, alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akala alichopakuliwa, akashukuru kama mgeni. Nilimwambia msichana nitamweleza nikipata nguvu. Sasa nguvu nilizobakiwa nazo ni hizi, na mwaka wenyewe ulikuwa hivi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa mke mpya wa Kalisti, kaka yake Feza. Tuliishi wote kwa mama yao, Mama Tereza, katika nyumba ya udongo iliyokaa juu kabisa ya kilima, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi ukungu unaingia ndani kabla wewe hujatoka. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu, na juu ya moto palikuwa na uchaga wa mianzi, mweusi kwa moshi wa miaka mingi, ulioning'iniza vikapu vya mbegu za maharagi zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizile. Mimi na Feza tulilala chumba kimoja na magunia kila Kalisti alipokwenda kazi ya barabara. Alikuwa bado msichana, hajafika umri wa kuolewa, mrefu, mwenye miguu ya kukimbia, na alinifundisha kila kitu cha nyumba ile: ni sufuria gani Mama Tereza hapendi iguswe, ni jirani gani asiambiwe neno. Aliniita mulamu, nami nikamwita hivyohivyo, kwani kwetu wake na mawifi huitana jina moja.

Kwa kawaida, mwezi wa tisa ukiingia, mvua huja kutoka upande wa msitu. Mashamba yanakuwa yamekwisha kulimwa, udongo umefunguliwa, watu wanangoja tu. Mwaka ule tulilima kama kawaida, tukangoja. Kila asubuhi Mama Tereza alisimama mlangoni akiwa amejifunga kitenge kifuani, akiangalia magharibi. Mchana mawingu yalikusanyika kule, meusi, mazito, na ngurumo ikasikika. Tulitoa nje mitungi, masufuria, hata bakuli la kunawia. Halafu upepo ulipita, mawingu yakatawanyika, na jua likarudi juu ya mashamba yetu yaliyo wazi. Tuliingiza vyombo ndani bila kuangaliana. Tulisikia mvua ya watu wengine, ndivyo Feza alivyosema, na siku hizo za kwanza tuliweza bado kucheka.

Chemchemi ilianza kupungua. Wanawake walipanga foleni na vibuyu vyao, na pale ndipo nilipoyasikia mazungumzo yote ya mwaka ule. "Banasema kule Rutshuru imeanza kunyesha." "Nani anasema?" "Muntu wa ng'ombe, alipita jana." "Na mapadri banasemaje?" "Banasema tusali." Tulisali. Katekista alituongoza mpaka kwenye mgongo wa kilima tukiimba na rozari mkononi, na vumbi la miguu yetu likapanda likatuingia kinywani katikati ya nyimbo. Siku iliyofuata niliwaona wazee wawili waliokuwa wamebeba msalaba wakipanda kwa siri upande wa pili na kuku mweupe, kwenda kuwaomba walioombwa na baba zao. Hakuna aliyewalaumu. Wengi wetu tungewapa kuku kama tungekuwa naye.

Kisha mvua ndogo ikaja, alasiri moja tu, haikufika hata kwenye kina cha kidole. Kesho yake alifika moniteri wa kilimo, msimamizi wa serikali, kijana wa mbali mwenye kofia na soksi ndefu, akatuamuru tupande. Mama Tereza alichukua bonge la udongo akalivunja mbele ya macho yake, likawa unga. "Moniteri, ona. Ndani haiko maji." Kijana hakuangalia. "Mama, amri iko kupanda. Shamba itakayokutwa tupu, mwenyewe ataenda kufungwa." Nadhani na yeye aliogopa, maana alisema maneno hayo akiangalia mlima. Tulipanda. Maharagi yaliota, kwa sababu harage ni kitu chenye tamaa ya kuishi. Yalitoa shingo zake nyeupe, yakafungua majani mawili mawili, na kwa muda mfupi kilima kilikuwa na rangi ya kijani iliyotuumiza kuiangalia. Halafu jua likayachoma. Nilimkuta Feza amepiga magoti kwenye mstari, anamwagia mche mmoja maji aliyotunza kinywani tangu chemchemini. Nilipiga magoti upande wa pili wa mstari tukakaa hapo.

Ndipo tulipojua kwamba Mama Tereza hakupanda mbegu zote. Kikapu kimoja alikishusha kwenye uchaga kabla ya moniteri kufika akakiingiza chini ya kitanda chake. Hicho kikapu kilikuwa ndicho maisha yetu, na ndicho kilichokaribia kutuvunja. Tulikuwa tumemaliza mateke, yale magimbi yetu, tumemaliza majani ya maboga, migomba ilitoa vidole vyembamba visivyo na nyama ndani. Lenga-lenga, mchicha wetu, haikuota tena hata kwenye jaa. Kalisti alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Ulimsikia akirudi kabla hujamwona. Sasa alirudi kimya, tukashtuka kumwona mlangoni. Alasiri moja alisema lile ambalo sote tulikuwa tumelifikiri: "Mama, tukule ile mbegu."

Mama Tereza alikuwa anapepeta majivu ya jiko ili apate makaa. Hakuinua kichwa. "Ile haiko chakula. Ile njo shamba."

"Mvua haiko. Shamba ya nini? Angalia bibi yangu, iko na mimba, anakula maji na chumvi. Tukiisha kufa, nani atapanda?"

Mama Tereza aliinuka, akaenda chumbani, akakivuta kikapu, akakaa juu yake mbele yetu sote. Alikaa hivyo mpaka jua likashuka. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega yake ilionekana kama mpini chini ya kitenge. Kalisti alimkodolea macho, naye alikuwa mtoto mwema. Nikaona jinsi njaa inavyoweza kumfanya mtoto mwema apime kwa macho uzito wa mama yake. Halafu alitoka nje, na aliporudi alisema: "Basi. Tutashuka Walikale."

Alimjua kule mwindaji mmoja, Papa Gabrieli, aliyekuwa akileta nyama ya moshi katika soko la Masisi. Tulifunga chumvi yote iliyobaki, majembe mawili, na kitenge kizuri cha Mama Tereza ambacho hakuwahi kukivaa. Feza alikuja pamoja nasi kwa sababu angeweza kubeba mzigo ambao mimi, na tumbo langu, nisingeweza. Mama yake alimkaza kamba ya mzigo kwenye paji la uso na kumwambia: "Chunga mulamu yako." Tulipita Nyabiondo, tukashuka na kushuka, hewa ikawa nzito, miti ikakaribiana mpaka mbingu ikawa vipande vidogo. Sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo huwezi kuona mbali. Njiani tulikutana na watu wa vilima vingine wakirudi na makemba, ndizi za kupika, mgongoni, wakitusalimu bila kusimama.

Kwa Papa Gabrieli tulipokelewa vizuri. Ninataka mjukuu wa Feza alijue hilo. Alikuwa Mkristo aliyesali kila Jumapili, na nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda kidogo cha baba zake ambacho hakutuficha. Mkewe, Mama Yuditi, alikuwa na mkono mmoja uliovunjika na kuunga vibaya, umepinda kama tawi. Lakini kwa mkono wa pili alitupikia makemba na sombe yenye mafuta ya mawese, na nyama ya nguruwe wa msituni juu yake. Nilikula nikatapika, nikala tena. Feza alikula amefumba macho. Nilimwangalia koo likipanda na kushuka, machozi yakimtoka kwenye kope zilizofungwa, na mkono wake ukitafuta kwenye sahani bila kuona.

Tulipokuwa bado tunakula, mvua ikaanza. Siwezi kueleza vizuri jambo hili kwa mtu ambaye hajangoja. Ilianguka juu ya paa la majani kama watu wanaokimbia, ikajaza mfereji, ikapita mbele ya mlango ikiwa na rangi ya udongo, ikibeba maganda na kuku mdogo aliyepiga kelele. Watoto wa pale walikunja uso, wakalalamika kwamba wataloa. Kalisti aliweka chini chakula chake, akatoka, akasimama katikati ya uwanja na uso wake juu, kinywa wazi. Aliporudi alipiga nguzo ya nyumba kwa ngumi. "Iko mingi!" alipaza sauti. "Iko mingi, na hapa hakuna muntu anayeiomba!" Mama Yuditi aliyekuwa anacheka aliacha kucheka. Mimi nilihesabu nyuso za kwetu kichwani, jirani kwa jirani, nikawachukia watu wale wema kwa sababu ya maji yao.

Maneno ya makubaliano niliyasikia kesho yake kupitia ukuta wa magome, wanaume wakiwa upande wa pili. Papa Gabrieli alisema polepole, kama mtu asiyefurahia anachosema. "Kaka, chumvi yako ni kidogo, na majembe niko nayo. Ba Masisi bengi bameisha kupita hapa, nimebapatia. Siwezi kubeba Masisi muzima. Lakini unaona mukono ya bibi yangu. Uniachie huyu dada yako amusaidie. Mubebe makemba, muhogo, nyama, yote mutakayoweza. Mukivuna, mulete maharagi, mumuchukue. Sisemi ndoa. Nasema kazi."

Nilingoja Kalisti ajibu. Kimya chake kilipoendelea nilitoka nikasimama mbele yao, jambo ambalo mke mpya hafanyi. "Hapana," nikasema. "Kama ni muntu wa kubakia, mi nitabakia."

"Na hiyo mimba?" Kalisti aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuamua.

Feza alikuwa kwenye moto, anageuza kemba kwenye makaa. Hakutuangalia. "Mi nitabakia," alisema. "Mulamu anabeba mutoto. Mi sibebi kitu." Alilitoa kemba, akalipulizia, akanipa mimi. Halafu ndipo alipomwangalia kaka yake. "Lakini mvua ikinyesha kule kwetu, mukuje."

"Tutakuja," Kalisti alisema.

Nimeyafikiria maneno hayo maisha yangu yote. Papa Gabrieli alisema mavuno. Feza alisema mvua. Kati ya mvua na mavuno kuna msimu mzima, na Kalisti aliwaitikia wote wawili.

Tuliondoka na mizigo iliyotuinamisha mpaka tukawa tunaona miguu yetu tu. Tulipanda kwa mapumziko mengi, na kila tulipopumzika hatukusema jina lake. Siku ya kufika, tukiwa tayari kwenye mgongo wa mlima wa mwisho, upepo wa baridi ulitupiga usoni na mbingu ikawa nyeusi upande usio wa kawaida. Tulijikunyata chini ya mwamba na mizigo yetu. Ilikuwa mvua ya mawe. Haikuwa na maji kwanza, mawe matupu, makubwa, yakiruka chini kama mahindi kwenye chungu cha moto. Ilipotulia, tulisimama. Milima yote ilikuwa nyeupe. Mashamba, njia, mapaa, vyote vyeupe, na moshi wa baridi ukipanda. Wajukuu wangu walioko Ulaya wananipigia simu wakati wa theluji, wananionyesha barabara zao, wanasema watu wa kule huingoja, hukasirika ikikawia, kwa sababu wana michezo yao ya kuteleza juu yake. Mimi nawaambia ninajua. Nimeona nchi yangu nyeupe, na nimewaona watu wakiipokea.

Wote walikuwa nje. Wazee walikuwa wamepiga magoti wakisukuma barafu ile kwa viganja kuingiza kwenye mitungi. Katekista alikuwa anatokwa damu kipajini, anaimba. Na sasa, juu ya mawe, mvua yenyewe ilianza, nene, ya kweli, na hakuna aliyeingia ndani. Mama Tereza alikuwa uwanjani kwake, kitenge kimemganda mwilini, viganja vyake viwili vimejaa barafu, na kinywani ametia nyingine mpaka mashavu yametuna. Sikuwahi kumwona anacheka namna ile, kama msichana. "Kalisti! Unaona? Iko mvua! Iko…" Kisha aliangalia nyuma yetu. Aliangalia njia. "Feza iko wapi?"

Kalisti alitua mzigo. "Alibakia. Kwa Papa Gabrieli. Mpaka mavuno."

Mama Tereza alisimama na mikono yake bado mbele, na maji yakaanza kupita kati ya vidole vyake mpaka viganja vikawa vitupu. Halafu aliingia ndani, akavuta kikapu chini ya kitanda, akatoka nacho, akachukua jembe. Alipanda peke yake kwenye mvua ile mpaka tukaona aibu tukamfuata.

Nilimwuliza Kalisti: "Tutaenda lini kumuchukua Feza?" Alisema tumalize kwanza kupanda. Ilikuwa kweli, mvua iliyochelewa haingoji. Nikauliza tena. Alisema tumalize palizi. Na hiyo ilikuwa kweli, nyasi zilikuwa zinatushinda. Halafu chefu aliwaita wanaume wote barabarani, kwa sababu mvua ilikuwa imebomoa daraja. Halafu mimi nikajifungua, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti, na makemba ya Walikale yalikuwa yamenipa maziwa. Kila sababu ilikuwa kweli. Tulizipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa ukuta. Mama Tereza hakuuliza hata mara moja. Alilima tu, na jioni alipika chungu kile kile cha zamani, na kila mara alipakua sahani moja zaidi kuliko tuliokuwepo, akaikuta mkononi, akairudisha.

Tulivuna. Mavuno hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa mavuno. Mama Tereza alichambua maharagi mazuri kuliko yote, akafunga mzigo, akasema: "Ninaenda miye mwenyewe." Hakuwahi kushuka msituni maishani mwake. Kalisti alisema yuko na kazi ya barabara, nayo ilikuwepo, lakini niliona macho yake. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda na mama mkwe wangu.

Tulimkuta Feza mtoni, kwenye Lowa, ameingia maji mpaka magotini, anatoa muhogo uliolowekwa. Alikuwa amenenepa. Alikuwa amekua, kwa miezi ile michache alikuwa amekua kuliko miezi inavyoruhusu. Alituona, akapanda ukingoni, akampigia mama yake magoti kama inavyopasa, akanikumbatia, akamfunua mtoto usoni akamwangalia muda mrefu. "Njo huyu," alisema.

"Njo yeye," nilisema.

"Nimekuja kukuchukua," Mama Tereza alisema. "Maharagi haya hapa."

Feza aliyaangalia maharagi. Aliingiza mkono, akayaacha yapite kati ya vidole. "Mazuri," alisema. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua njia: "Mama, ilinyesha kwetu siku gani?"

Mama Tereza alijibu ukweli. Hakuwa mtu wa uongo. "Siku ile ile Kalisti na huyu balifika."

Feza alitikisa kichwa polepole. "Hapa inanyesha kila siku. Sikuweza kujua. Kila muntu aliyetoka Masisi nilimuuliza, na wa kwanza kabisa aliniambia imenyesha. Nikafunga vitu vyangu. Nikakaa mulangoni. Mama Yuditi aliniambia nikule, nikasema hapana, bako njiani. Nilifunga na kufungua, Mama. Halafu siku moja nilifungua, sikufunga tena."

"Kulikuwa na kupanda," Mama Tereza alisema. "Kulikuwa na palizi. Kulikuwa na mutoto."

"Najua, Mama. Mulikuwa na kazi."

Aliubeba mzigo wa maharagi yeye mwenyewe mpaka nyumbani kwa Papa Gabrieli, akauweka mbele ya Mama Yuditi. Akatupikia. Akamtandikia mama yake kitanda chake. Tulikaa siku kadhaa, na kila siku Mama Tereza alimwambia twende, wakati mwingine kwa kuamuru, wakati mwingine kwa kulia, mara moja amepiga magoti yeye, mama, mbele ya mtoto, mpaka Feza akamwinua kwa nguvu. Papa Gabrieli naye alimwambia: "Binti, deni haiko. Nenda na mama yako." Feza alijibu kwa lugha yao ya msituni, haraka, na yule mzee hakusema tena. Mwaka uliofuata aliolewa na mpwa wa Mama Yuditi, mtu mpole, na hiyo ndiyo njia iliyomfikisha huko, mjukuu wangu. Hakuibwa, na hakuuzwa. Aliachwa kwa muda, na muda ukapita.

Asubuhi ya kuondoka alitusindikiza mpaka pale njia inapoanza kupanda. Alimtwika mama yake mzigo wa makemba, akakaza kamba kwenye paji la uso wake, akaijaribu kwa kidole kama haiumizi. Mama Tereza alimshika mkono, hakuuachia. Juu ya miti ngurumo ilipita. Feza aliangalia juu, akautoa mkono wake taratibu.

"Wende, Mama," alisema. "Utaloa."